Nasaba ya Nyasi

Katika mtaa wa Svartbäcksgatan mjini Uppsala, Uswidi, ipo bustani ya chuo kikuu ambayo matuta yake yamepangwa kwa hesabu. Carl Linnaeus aliikuta imechakaa alipopewa uprofesa mwaka 1741. Akaifufua na kuipanda upya kwa kanuni yake mwenyewe: chungulia ndani ya ua, hesabu stameni, yaani vile vijiti vyembamba vinavyobeba chavua. Ua lenye stameni moja ni la tabaka la kwanza, lenye mbili ni la pili, lenye tatu ni la tatu. Mbele ya hapo zikaja kanuni nyingine za jinsia ya maua, mpaka matabaka 24 yakatimia.

Urahisi wa kanuni hiyo ndio ulioieneza. Mwanafunzi mwenye kioo cha kukuzia na uwezo wa kuhesabu aliweza kuupa mmea wowote mahali pake. Lakini hesabu hiyo ilitenganisha ndugu. Nyasi nyingi zina stameni tatu, zikakaa pamoja: ngano, rai, timothi. Mpunga una sita, ukahamishiwa tabaka la sita. Nyasi moja ya Ulaya yenye harufu tamu, Anthoxanthum, ina mbili, nayo ikaondoka kwa wenzake. Mhindi, kwa kuwa mbelewele ziko kileleni na gunzi liko ubavuni, dume mbali na jike, ulipelekwa tabaka la 21. Mzeituni wenye stameni mbili ulikaa na asumini katika tabaka la pili, ilhali mfraksinusi, mti mrefu wa misitu ya Ulaya ambao ni ndugu yao wa damu, ulitupwa hadi la 23. Linnaeus mwenyewe alijua kwamba mpango huu ni wa kurahisisha kazi, na kwamba udugu wa kweli wa mimea bado unahitaji kutafutwa.

Ninaanzia hapa kwa sababu moja. Karne mbili na ushei baadaye, katika mji huo huo, ilipatikana njia ya kuiuliza damu ya binadamu swali lile lile: mmea huu ni ndugu wa upi? Damu ikajibu bila kuhesabu stameni.

Njia ya kuelekea kwenye jibu hilo inapita London. Tarehe 16 Machi 1819, daktari John Bostock, mzaliwa wa Liverpool, alisimama mbele ya chama cha madaktari akaeleza habari za mgonjwa aliyemtaja kwa herufi mbili tu, J.B., mwenye umri wa miaka 46. Tangu utotoni, kila ulipofika mwezi wa Juni, macho ya mtu huyu yaliwasha na kuvimba, chafya zikamjia mfululizo, kifua kikambana. Alishatolewa damu, alishaoga maji baridi, alishapewa afyuni, na hakuna kilichosaidia. J.B. alikuwa Bostock mwenyewe. Kwa miaka tisa alitafuta wagonjwa wenzake akapata 28 tu, na mwaka 1828 akachapisha habari zao chini ya jina la mafua ya majira ya joto.

Wakati huo watu wa kawaida walikuwa wameshaanza kusema kwamba ugonjwa unatokana na nyasi zinazokatwa na kuanikwa kwa ajili ya mifugo. Bostock hakukubali. Yeye alilaumu jua na joto, na alikuwa na ushahidi wake: alipokwenda kukaa Ramsgate, kwenye pwani ya Kent, alipata nafuu. Akahesabu kwamba ubaridi wa bahari ndio uliomsaidia. Kwamba upepo unaotoka baharini haubebi chavua ya nyasi, hilo halikumjia. Simlaumu. Aliangalia kila kilichoonekana kwa macho, na chembe ya chavua ya nyasi ina upana wa takriban sehemu thelathini za elfu za milimita.

Aliyeziona chembe hizo alikuwa daktari wa Manchester, Charles Harrison Blackley. Alizaliwa Bolton mwaka 1820, akafanya kazi ya uchapaji kabla ya kusomea udaktari, na mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mwaka 1859 aligusa chombo cha nyasi zilizochanua kilichokuwa kimewekwa chumbani, wingu dogo la vumbi likainuka, naye akapigwa na chafya papo hapo. Kuanzia siku hiyo aliacha kubahatisha.

Namna alivyofanya kazi ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko wote waliomtangulia. Alikusanya chavua kwa mkono, mmea mmoja baada ya mwingine, akaziweka puani, machoni na ulimini mwake, akaandika kilichotokea. Kisha akaja kwenye ngozi. Aliukwaruza mkono mpaka ngozi ya juu ikaondoka, akaweka kitambaa kibichi chenye chavua ya rai ya Italia, akafunga. Sehemu nyingine akaikwaruza vivyo hivyo bila kuweka chavua. Dakika chache baadaye palipokuwa na chavua pakaanza kuwasha vibaya sana, pakavimba, na uvimbe ukaenea. Pale pengine hapakutokea kitu. Kipimo cha ngozi kinachofanywa leo katika kliniki yoyote ya mzio, kwa matone na sindano ndogo, ni kile kile, kikiwa tu kimepunguziwa ukatili. Alirusha pia vishada vyenye vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, vikapanda zaidi ya mita 300, akakuta kwamba huko juu chavua ni nyingi kuliko karibu na ardhi. Hapo ilieleweka kwa nini mgonjwa anayekaa katikati ya mji, mbali na mashamba, naye hapati pumziko. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1873. Charles Darwin alikisoma na kumwandikia.

Blackley alikutana na jambo jingine ambalo wasomaji wake wengi walilipita. Alipojaribu nyasi moja baada ya nyingine, karibu zote zilimletea maradhi yale yale. Nyasi ambayo alikuwa hajawahi kuigusa ilimtesa kama ile aliyoizoea. Mimea ya familia nyingine mara nyingi ilimgusa kidogo tu. Kwa hiyo mwili wake ulikuwa na orodha yake ya ndani, na orodha hiyo ilifuata ukoo.

Upande wa pili wa Atlantiki orodha ilikuwa nyingine. Morrill Wyman, daktari wa Massachusetts, aliugua kila vuli, na majira ya nyasi yalipita bila kumdhuru. Mwezi Septemba 1870 alijipelekea milimani, huko White Mountains alikokuwa salama, kifurushi cha ambrosia, magugu ya familia ya alizeti. Kilipofunguliwa, yeye na waliokuwa naye wenye maradhi hayo walianza kupiga chafya. Ukoo mwingine, msimu mwingine, wagonjwa wengine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Hamburg, mwanzoni mwa karne ya 20, William Dunbar aliamini kwamba chavua ina sumu, akawadunga farasi ili apate dawa ya kuizima kutoka katika damu yao. Sumu haikuwapo, ila Dunbar alithibitisha kwamba kinachodhuru ni protini iliyomo ndani ya chembe. London, Leonard Noon alianza mwaka 1911 kuwadunga wagonjwa dozi ndogo ndogo za maji yaliyolowekwa chavua, akiziongeza polepole. Katika nyasi alizozijaribu alichagua timothi kwa kuwa maji yake yalikuwa makali kuliko ya nyingine. Uchaguzi huo ulikuwa na dhana kubwa ndani yake: kwamba ukimzoeza mtu chavua ya nyasi moja, umemkinga dhidi ya jamaa zake pia. Noon alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1913 akiwa bado kijana, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi. Dhana ilishika. Timothi ikawa mwakilishi wa nyasi zote katika masanduku ya vipimo ya Ulaya, na bado ndiyo mwakilishi.

Lakini mwili unaujuaje ukoo? Jibu lilianzia Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Carl Prausnitz, aliyewahi kufanya kazi chini ya Dunbar, alikuwa na mwenzake Heinz Küstner ambaye samaki wa kupikwa walimdhuru. Mwaka 1921 walitangaza walichofanya: walichukua maji ya damu ya Küstner, yaani seramu, wakayadunga chini ya ngozi ya tumbo la Prausnitz ambaye samaki hawakumdhuru. Kesho yake wakadunga pale pale maji ya samaki. Pakavimba. Kwa hiyo ndani ya seramu kulikuwa na kitu, na kitu hicho kingeweza kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Kwa zaidi ya miaka 40 madaktari walikitumia bila kujua ni nini. Kisha Kimishige na Teruko Ishizaka, wakiwa Denver, walikitenga kutoka katika seramu za wagonjwa wa ambrosia mwaka 1966, na mwaka 1967 Gunnar Johansson na Hans Bennich wakakifikia kwa njia nyingine kabisa, wakichunguza damu ya mgonjwa wa saratani ya uboho. Mwaka 1968 pande zote zilikubaliana kwamba ni kitu kimoja, wakakiita kingamwili IgE. Johansson na Bennich walikuwa Uppsala.

Mwaka huo huo wa 1967, wao na Leif Wide walieleza kipimo cha kupima IgE ya kila kisababishi peke yake ndani ya chupa, bila kumkwaruza mtu yeyote. Kampuni ya Pharmacia ya mjini humo ikakitoa sokoni mwaka 1974. Hapo ndipo swali la Linnaeus lilipopata chombo kipya.

Chombo hicho hufanya kazi hivi. Chukua seramu ya mtu anayedhuriwa na nyasi ya rai. Ichanganye na maji ya chavua ya timothi, uyaache yakutane. Kisha ilete kwenye chavua ya rai iliyogandishwa kwenye karatasi. Kama timothi imezikamata kingamwili zote, hakuna iliyobaki ya kuishika rai, na kipimo kinakuja kitupu: kwa damu hiyo, mimea miwili ni mmoja. Kama nyingi zimebaki, ni wageni kwa wageni. Zikibaki nusu, ni binamu. Kingamwili haimjui mmea, inajua umbo la kipande kidogo cha protini yake. Lakini umbo hilo hurithiwa, kwa hiyo kingamwili hufanya kama bibi wa kijiji anayemwona mtoto asiyemfahamu akasema, huyu paji lake ni la kina fulani.

Kwa nyasi, jibu lilikuwa zuri kuliko lilivyotarajiwa. Rai, timothi, ngano na jamaa zao wa nchi za baridi walionekana kuwa karibu kitu kimoja. Zilipoletwa nyasi za nchi za joto, mambo yakabadilika. Ukoka, ule unaotambaa uwanjani na ambao Wamarekani wanauita nyasi ya Bermuda, ulizizuia kingamwili kidogo tu. Sababu ilijulikana protini zilipotengwa moja moja. Zipo protini za kundi la kwanza ambazo karibu nyasi zote zinazo, mhindi na ukoka zikiwemo, japo umbo lake hutofautiana kiasi. Zipo za kundi la tano, kali sana, ambazo ni za zile nyasi za baridi peke yake. Ukoka hauna. Mtu ambaye mwili wake umezoea kupigana na kundi la tano hutulia mbele ya ukoka, na mtu aliyekulia kwenye ukoka anaweza kukipita kipimo cha timothi bila alama kubwa.

Mwanabotania Robert Brown alikuwa ameshauona mpasuko huo mwaka 1814, akiwa na mimea iliyokaushwa aliyoileta kutoka Australia. Kwa kuangalia mpangilio wa vijiua ndani ya suke, aligawa nyasi katika makundi mawili makubwa, akasema moja limetawala tropiki na jingine nchi za baridi. Waliomfuata wameyagawa upya, na ukoka umehamishwa zaidi ya mara moja. Lakini mstari kati ya nyasi za joto na za baridi ambao Brown aliuchora kwa kioo cha mkononi, damu za wagonjwa ziliupitia tena bila kuambiwa.

Mzeituni na mfraksinusi ndio mfano ninaoupenda zaidi. Hispania, na hasa mkoa wa Jaén, ina mizeituni isiyohesabika, na kila Mei chavua yake huwajaza watu kliniki. Protini yake kuu iliitwa Ole e 1: herufi tatu za jenasi, moja ya spishi, na namba, kwa majina yale yale ya Olea europaea aliyoyatoa Linnaeus mwaka 1753. Baadaye madaktari wa Ulaya ya kati walikuta wagonjwa ambao kipimo chao cha mzeituni kilikuwa chanya, na wanaishi ambako mzeituni hauoti. Aliyewazoeza alikuwa mfraksinusi wa msitu wa karibu. Protini yake, Fra e 1, inafanana na ya mzeituni kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa kuwa mfraksinusi huchanua karibu wakati mmoja na mbetula, mti ambao kila daktari wa kaskazini anaushuku kwanza, wengi walitibiwa kwa mti usiohusika. Chavua ya mzeituni, isiyokuwa na mzeituni wa karibu, ndiyo iliyosaidia kumtaja mhusika.

Ndiyo, asumini ni wa ukoo huo huo. Lakini asumini huchavushwa na wadudu, chavua yake ni nzito na haisafiri hewani, kwa hiyo wanaosuka vikuba vya harusi Mombasa na Zanzibar hawana sababu ya kuuogopa kwa ajili ya nasaba yake.

Mbetula nao ulikuwa na habari yake. Vienna, mwaka 1989, kikundi cha watafiti kilisoma jeni la protini yake kuu, Bet v 1. Miti jamaa yake, alnusi, mhazeli na kapinusi, ina protini zinazofanana nayo kiasi kwamba mwenye mzio wa mmoja huanza kuugua mapema katika mwaka wakati mhazeli unapochanua, na hapati nafuu mpaka mbetula umalize. Jambo la ajabu ni kwamba Bet v 1 ina mfano wake ndani ya tufaha, pichi na karoti. Mgonjwa wa mbetula akiuma tufaha bichi, midomo na koo huwasha ndani ya dakika chache. Akila tufaha hilo hilo likiwa limepikwa, mara nyingi hapati kitu, kwa kuwa moto huivuruga protini ikapoteza umbo. Hapa damu imekwenda mbali kuliko ukoo wa karibu: tufaha ni wa familia ya waridi, si ya mbetula. Na ipo protini nyingine, profilini, ambayo karibu kila mmea wenye maua unayo. Mtu ambaye kingamwili zake zimeishika hiyo huonekana kwenye karatasi ya kipimo kama adui wa mimea yote, na daktari asiye makini humpa orodha ndefu ya makatazo asiyoyahitaji. Ndiyo maana siku hizi, panapo uwezo, hupimwa protini moja moja badala ya chavua nzima.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yana uzito wa kila siku. Ukiondoa ngano na shayiri za nyanda za juu na nyasi za milima mirefu, tumezungukwa na zile za nchi za joto: mhindi, mtama, muwa, mabingobingo, ukoka. Kikuyu, nyasi ya uwanja iliyobeba jina la watu wa nyanda za juu za Kenya, ilichukuliwa kutoka eneo la Ziwa Naivasha mwanzoni mwa karne iliyopita ikapelekwa Afrika Kusini, na leo imefunika viwanja vya Australia na California. Ua lake karibu halionekani. Ukiifyeka, siku chache baadaye uwanja hupauka asubuhi kwa nyuzi nyeupe zilizosimama wima juu ya majani. Kila uzi ni stameni na nchani umebeba chavua. Nyasi za Rhodes, nazo za Afrika, zimesafiri kama hizo. Kusini-mashariki mwa Queensland, ambako nyasi za joto zimeshika ardhi, watafiti wameonyesha kwamba wagonjwa wengi huziitikia zaidi kuliko wanavyoziitikia nyasi za baridi.

Kwa hiyo mgonjwa wa Morogoro au Kisumu anayepiga chafya mahindi yanapochanua, akapimwa kwa chupa moja ya timothi na ngozi isivimbe, ameulizwa habari za nyasi asiyoishi nayo. Chupa za ukoka, za mhindi na za jamaa ya mtama zinatengenezwa na kuuzwa. Zikiwekwa kando ya timothi katika sinia hilo hilo, matone yanaongezeka matatu tu na majibu hutoka ndani ya dakika 20.